Konrodi

Waulize wakaanga chipsi wa Uyole, watakuambia
ni mimi niliyeishusha ile filta.
Sikatai.

Ambakisye alikuja na Subaru yake ya buluu, yenye tabo,
akasema: Fundi, kwenye kilima cha Isyonje inakohoa.
Inataka hewa ya baridi.
Itoe filta hapo juu kwenye joto la injini,
ishushe chini, nyuma ya bampa.

Nikakata bomba, nikakunja, nikachomelea,
nikaifunga filta nyekundu, mpya,
shubiri moja na nusu kutoka kwenye lami.
Nilimwambia, masika uwe na akili.
Nilimwambia huku nahesabu elfu themanini,
na neno linalosemwa katikati ya noti
halina uzito hata wa nati.

Wiki tatu alipaa.
Mlima Nyoka aliupanda gia ya nne, tabo inapiga mluzi,
malori ya Tunduma yakabaki nyuma
kama ng'ombe waliolala na mizigo.

Kisha Aprili.
Mvua ya Rungwe unaijua: ikibisha hodi Jumatatu
inaaga Juni.
Karibu na Kiwira kalavati lilizibwa na migomba,
barabara ikawa rangi ya chai ya maziwa.
Fuso ikapita. Noah ikapita, polepole, inaunguruma.
Naye akasema moyoni, mimi nina nini?
Maji hayakufika hata kwenye taa.
Hayakuwa na haja ya taa.
Yalitafuta shubiri moja na nusu.

Hewa ina adabu. Ukiibana, inajikunja,
inajifanya ndogo, inakusubiri uipe moto.
Maji hayajui kupiga magoti.
Kikombe kimoja tu cha kahawa juu ya pistoni,
na pistoni inapanda kwa mazoea yake,
inakuta ukuta.
Hapo lazima kitu kipinde,
na hicho kitu si maji.

Lakini ilipozima, pengine ilikuwa bado nzima.
Herufi moja tu kati ya kuzima na uzima,
na hiyo herufi ilikuwa mkononi mwangu,
kwenye mfuko wa koti,
Itezi, msibani kwa shemeji,
simu nimeinyamazisha kwa heshima ya marehemu.

Simu ya kwanza: niwashe, nisiwashe?
Hakujibiwa. Akawasha.
Simu ya pili. Akawasha.
Ya tatu hakungoja ilie hadi mwisho.
Anasema alisikia *ko*,
kama mtu anavunja mfupa kutafuta uboho,
kisha mvua tu juu ya bati la gari.

Ningemwambia maneno manne:
Usiguse ufunguo. Nakuja kukuvuta.
Tungetoa plagi, tungezungusha injini kwa mkono,
maji yangetoka kama mtoto anayetema supu,
tungecheka.

Nilipoifungua, silinda ya tatu,
konrodi ilikuwa imeinama kidogo,
si sana, kama shingo ya mtu anayesikiliza siri.
Kidogo hicho ndicho bei ya shamba.

Hakufoka. Ningependa afoke.
Aliuza bodi kwa watu wa Makambako,
sasa anasomba viazi kwa bajaji ya kukodi,
na kila Jumamosi anaacha ndoo mlangoni kwangu,
kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa.
Mke wangu anavimenya. Mimi navila.

Konrodi iko kwenye meza ya gereji,
inakandamiza risiti zisipeperuke.
Kijana akija na habari za hewa ya baridi
nampa aishike kwanza.
Wengi wanairudisha kimya.
Jumanne iliyopita mmoja aliirudisha akicheka,
akaongeza elfu ishirini juu.

Niliziangalia zile noti.
Niliangalia wingu lililokwisha kukaa juu ya Loleza.
Nikamwambia aje kesho.